Video ilipigwa shuleni, ikasambazwa Jumamosi: je, shule inaweza kujitoa?

SWALI: Habari za kazi. Tulihamia New Jersey kutoka Mombasa miaka miwili iliyopita. Mwanangu ana miaka 12, yuko darasa la saba. Tangu Septemba kuna wavulana wanne wanaomwiga anavyoongea Kiingereza, wanamwita nyani, wanamuuliza kama kwao wanalala juu ya miti. Walimpiga video kwenye bwalo la chakula akila wali kwa mkono, na Jumamosi wakaiweka kwenye grupu lao la Snapchat wakiwa wametia milio ya wanyama. Nilimwambia mwalimu wake pale mlangoni nilipokwenda kumchukua, akasema atalifuatilia. Wiki tatu kimya. Nilipokwenda tena, naibu mwalimu mkuu akaniambia mambo ya Snapchat yametokea wikendi, watoto wako majumbani, shule haihusiki. Siku hizi chakula ninachomfungia anakirudisha vilevile, na usiku halali vizuri. Baba yake anasema atamfundisha kurudisha ngumi. Je, kuna sheria yoyote hapa? Kama ipo, naanzia wapi? Kiingereza changu cha kuandika si kizuri. – Mama mwenye wasiwasi, New Jersey

JIBU: Pole sana, dada. Nimeisoma barua yako mara mbili, na hicho chakula kinachorudi vilevile ndicho kilichonishika. Mtoto anayeacha kula mbele ya wenzake ameshaanza kujificha.

Nikujibu moja kwa moja kwanza. Sheria ipo, tena ya jimbo lako ni miongoni mwa zile zenye masharti mengi kabisa nchini Marekani. Naibu mwalimu mkuu amekosea kuhusu Jumamosi. Na ulichokosa wewe mpaka leo ni kitu kimoja tu, karatasi yenye tarehe. Malalamiko ya mlangoni hayakupotea kwa sababu hayana uzito. Yamepotea kwa sababu hayakuandikwa popote.

Kabla ya sheria, mtoto. Kaa naye leo, simu zikiwa mbali, umuulize waziwazi kama amewahi kufikiria kujidhuru au kutamani asingekuwepo. Kumuuliza hakumpi wazo hilo, kunampa mlango wa kusema. Akijibu ndiyo, au ukimwona amenyamaza kwa namna inayokutia hofu, piga au tuma ujumbe kwa namba 988, ya msaada kwa anayefikiria kujidhuru, saa yoyote, na umpeleke kwa daktari wake. Hilo halisubiri barua ya shule.

Sasa sheria yenyewe. Hapa Marekani hakuna sheria moja ya taifa inayohusu uonevu shuleni kwa jina. Kila jimbo limejitungia yake. Georgia ilitangulia mwaka 1999, mwaka uleule wa mauaji ya shule ya Columbine kule Colorado, na Montana ikafunga mlango mwaka 2015. Ndiyo maana dada yako aliyeko Texas au mjomba aliyeko Ohio anaweza kukupa ushauri wa kweli kabisa kwa kwao, na kwako usifae. New Jersey ilipitisha ya kwanza mwaka 2002, ikaongeza uonevu wa mtandaoni mwaka 2007, kisha Januari 2011 ikatia saini sheria kubwa zaidi, ile ya haki za wanafunzi dhidi ya uonevu, iliyoanza kufanya kazi Septemba mwaka huohuo. Ilikuja miezi michache baada ya kifo cha mwanafunzi wa chuo kikuu jimboni humo ambaye faragha yake ilirushwa mtandaoni na mwenzake wa chumba. Januari 2022 ikakazwa tena, baada ya wazazi wa binti wa miaka 12 aliyefariki mwaka 2017 kupigania mabadiliko kwa miaka. Nakutajia haya ili ujue kwamba kila kifungu utakachokishika mkononi kimelipiwa na familia fulani. Usione haya kukitumia.

Shuleni utasikia wanataja herufi tatu, HIB. Ni kifupi cha maneno ya sheria yanayomaanisha usumbufu, vitisho na uonevu. Jifunze kuzitamka herufi hizo tatu na uzitumie, kwa sababu mzazi akisema "wanamsumbua mwanangu," shule inaweza kulichukua kama ugomvi wa watoto. Akisema "naripoti HIB," kuna ratiba ya kisheria inayoanza kuhesabika.

Hapa naomba unisikilize kwa makini, maana ndipo malalamiko mengi ya wazazi wetu yanapofia. Sheria ya New Jersey haisemi kwamba kila ukatili kati ya watoto ni HIB. Inataka tukio, liwe moja au mfululizo, ambalo mtu mwenye akili timamu angeona limechochewa na sifa fulani ya mtoto: rangi, dini, asili, nchi alikotoka, jinsia, ulemavu, au sifa nyingine yoyote inayomtofautisha. Inataka pia liwe limevuruga kwa kiasi kikubwa uendeshaji wa shule au haki za wanafunzi. Kisha liwe na madhara: limemuumiza mwili au moyo, au limemdhalilisha, au limemfanyia shule kuwa mahali pa uadui kwa kumkwamisha katika masomo. Vipande hivyo vyote vinatakiwa vionekane kwenye maandishi yako.

Nimekaa na wazazi kwenye meza hizi kwa miaka mingi, kwanza kama mkalimani, baadaye kama mtetezi wao. Nakumbuka baba mmoja aliyeandika mistari miwili kwamba watoto wanamkera binti yake na yeye anaomba msaada. Jibu lilikuja kwamba ni mgogoro wa kawaida baina ya wanafunzi. Tulipokaa na binti, tukagundua walikuwa wakimvuta mtandio na kumwita gaidi kwenye basi. Hayo yote hayakuwemo kwenye mistari miwili. Baba alikuwa ameona aibu kuyaandika maneno yenyewe. Tuliyaandika, na faili likafunguliwa upya.

Kwa hiyo wewe usiandike "wanamtania." Andika kwamba wanamwita nyani, neno kwa neno. Andika kwamba wanaiga lafudhi yake na kumuuliza kama kwao wanalala juu ya miti, yaani wanamlenga kwa rangi yake na alikotoka. Andika kwamba alipigwa video ndani ya bwalo la shule, wakati wa chakula, kwa sababu ya namna ya kula ya kwao. Andika kwamba tangu hapo hali chakula shuleni na halali usiku, na kama amekosa vipindi au alama zimeshuka, weka na hayo. Taja ni nani aliona, ni wapi, ni siku gani. Kama siku huikumbuki vizuri, andika "wiki ya pili ya Oktoba" kuliko kubuni tarehe.

Sasa hiyo Jumamosi. Sheria ya New Jersey inasema wazi kwamba matukio ya nje ya uwanja wa shule nayo yanaangukia kwenye sera ya shule pale mfanyakazi wa shule anapojulishwa, ilimradi yanaingilia kwa kiasi kikubwa uendeshaji wa shule au haki za wanafunzi. Mawasiliano ya kielektroniki yametajwa humo kwa jina. Mwanao anarudi Jumatatu kwenye bwalo lilelile, na watoto walioiona video wako meza ya pili. Madhara yako shuleni. Tena kwenye kisa chako video yenyewe ilipigwa ndani ya shule, kwa hiyo hata yule anayeng'ang'ania kwamba mipaka ya shule inaishia getini hana pa kusimama.

Huenda mtu akakutajia kesi ya Mahakama ya Juu ya Marekani ya Juni 2021, inayojulikana kama Mahanoy. Binti wa shule moja ya Pennsylvania alikosa nafasi kwenye kikundi kikuu cha washangiliaji, na siku ya Jumamosi, akiwa dukani, akaweka Snapchat maneno ya matusi juu ya shule na kikundi hicho. Shule ikamsimamisha kwenye ushangiliaji kwa mwaka mzima. Majaji 8 kwa 1 wakasema shule ilivuka mpaka. Wakuu wa shule wengi wameibeba hukumu hiyo kama kinga, wakisema "ya wikendi si yetu." Lakini mahakama hiyohiyo ilitaja mambo ambayo shule bado ina maslahi nayo hata yakitokea nje ya uwanja wake, na mojawapo ni uonevu mkali au unyanyasaji unaomlenga mtu fulani. Yule binti hakumlenga mtoto yeyote. Wale wavulana wanne wamemlenga mwanao.

Tuje kwenye hatua. Tangu 2022 jimbo lina fomu maalumu ya kuripoti, inaitwa HIB 338, na mzazi anaweza kuijaza mwenyewe. Itafute kwenye tovuti ya shule au ya wilaya ya elimu. Palepale, kwa mujibu wa sheria, panatakiwa pawe na mawasiliano ya mtaalamu wa kupambana na uonevu wa shule hiyo, na ya mratibu wa wilaya nzima. Kila shule ya umma ina mtaalamu huyo. Mara nyingi ni mshauri wa wanafunzi au mwanasaikolojia aliyekuwepo tayari. Usipoiona fomu, barua pepe ya kawaida inatosha. Mpelekee mwalimu mkuu, nakala kwa mtaalamu na kwa mratibu. Na usiache kutaja kwamba uliwahi kumwambia mwalimu kwa mdomo, wiki ipi, na mlangoni. Mfanyakazi wa shule akipokea taarifa kama hiyo anatakiwa amjulishe mwalimu mkuu kwa mdomo siku hiyohiyo na kwa maandishi ndani ya siku 2 za masomo. Hizo wiki tatu za kimya ni kosa la shule, si lako, na inafaa zionekane kwenye faili.

Ripoti ikishafika, upelelezi unatakiwa uanze ndani ya siku 1 ya masomo na ukamilike ndani ya siku 10 za masomo tangu ripoti ya maandishi. Ukipeleka Jumatatu, na hakuna sikukuu katikati, siku ya kumi ni Jumatatu ya wiki mbili baadaye. Matokeo yanakwenda kwa mkuu wa wilaya ya elimu ndani ya siku 2 za masomo, kisha kwenye kikao kinachofuata cha bodi ya elimu. Ndani ya siku 5 za masomo baada ya bodi kupokea, wewe unatakiwa upate taarifa kwa maandishi: nini kilichunguzwa, kama uonevu umethibitika, na kama kuna adhabu au msaada uliotolewa. Zibandike siku hizo kwenye mlango wa friji. Siku ikipita bila jibu, siku hiyohiyo tuma mstari mmoja wa heshima ukiuliza.

Kuna sehemu moja wazazi wengi hukwazika, nami nakuambia mapema. Shule haitakuambia yule mtoto fulani amepewa adhabu gani. Sheria ya taifa ya 1974 inayolinda kumbukumbu za wanafunzi inawazuia, kama inavyomlinda mwanao pia. Usiichukue kama wanaficha. Badala yake shikilia maswali ambayo wana wajibu wa kuyajibu: mwanangu atakaa wapi wakati wa chakula kuanzia kesho? Nani atakuwa bwaloni? Akitukanwa tena amwendee nani, jina lake? Na video, shule imewataka waifute mbele ya wazazi wao? Majibu hayo yatabadilisha siku ya mwanao upesi kuliko adhabu yoyote.

Matokeo yasipokuridhisha, una haki ya kuomba usikilizwe na bodi ya elimu, kwenye kikao cha faragha, na wanatakiwa wakusikilize ndani ya siku 10 tangu uombe. Usicheleweshe ombi hilo. Mwisho wake ni siku 60 tangu upate taarifa. Bodi ikikataa, unaweza kukata rufaa kwa Kamishna wa Elimu wa jimbo ndani ya siku 90. Na kwa kuwa kisa chako ni cha rangi na nchi ya asili, kuna njia nyingine mbili zinazokwenda sambamba: Idara ya Haki za Kiraia ya jimbo, na Ofisi ya Haki za Kiraia ya Wizara ya Elimu ya taifa, zote kwa kikomo cha siku 180. Mwaka 2007 Mahakama ya Juu ya jimbo la New Jersey, katika kesi dhidi ya wilaya ya elimu ya Toms River, iliamua kwamba wilaya inaweza kuwajibishwa pale wanafunzi wanapomnyanyasa mwenzao kwa ubaguzi na yenyewe inajua, au ilipaswa kujua, na isichukue hatua za maana. Natumaini hutafika huko. Wengi wa wazazi niliowasindikiza hawakufika, kwa sababu shule ikishaona mzazi anazijua siku zake, mambo husogea.

Ushahidi wa Snapchat una ujanja wake. Ujumbe unayeyuka, na ukipiga picha ya skrini, programu inamjulisha aliyetuma. Kwa hiyo ukibahatika kuiona tena hiyo video, chukua simu nyingine uirekodi skrini ya kwanza, jina la akaunti na saa vikionekana. Kama kuna mtoto mwema kwenye grupu hilo, zungumza na mama yake. Usijibu chochote kwenye grupu, wala usiirushe video kwenye WhatsApp ya jamaa ili wakuonee huruma. Utakuwa umeisambaza zaidi. Na kwa wazazi wengine wanaosoma: ikiwa kilichorushwa ni picha ya mtoto akiwa uchi, usiihifadhi wala kuituma kwa yeyote, hata kwa mwalimu. Piga simu polisi, wao ndio waione. New Jersey ina kosa la jinai la unyanyasaji wa mtandaoni tangu 2014, nalo ni la korti, si la shule. Humo ndimo zinamotoka zile faini za wazazi mnazozisikia: mzazi wa mtoto aliyepatikana na kosa hilo asipotimiza masharti ya korti, hutozwa hadi dola 100 mara ya kwanza na hadi dola 500 mara zinazofuata. Watu wanapenda sana kuzitaja hizo faini. Mimi sijawahi kuona faini iliyomrudishia mtoto hamu ya kula.

Walioko majimbo mengine, kanuni ya maandishi na tarehe ni ileile, siku ndizo zinazotofautiana. Texas, kwa mfano, kwa sheria ya 2017, shule inatakiwa imjulishe mzazi wa mtoto aliyeonewa ndani ya siku 3 za kazi tangu tukio liripotiwe. New York sheria yao ilianza Julai 2012 na ya mtandaoni ikaongezwa mwaka uliofuata. Minnesota walibadilisha yao mwaka 2014, kwa sababu ya awali ilikuwa na maneno 37 tu. Tafuteni sera ya wilaya yenu kwa jina lake, muisome siku za kuripoti.

Kuhusu Kiingereza, usilibebe hilo kama mzigo wako peke yako. Shule inayopokea fedha za serikali ya taifa imekatazwa na sheria ya 1964 kubagua kwa nchi ya asili, na tangu kesi ya Lau ya 1974 Mahakama ya Juu imetambua kwamba lugha inaingia humo. Andika juu ya barua yako: "Ninaomba mkalimani wa Kiswahili katika kila kikao." Unaweza kuiandika ripoti yenyewe kwa Kiswahili ukamwomba mtu akutafsirie. Ila usikubali mwanao awe mkalimani wako. Nimewahi kukaa kwenye chumba ambamo mtoto wa miaka 11 aliulizwa amtafsirie mama yake matusi aliyotukanwa. Alitazama meza, akasema, "Mama, wanasema watoto wananicheka." Mambo manne aliyameza. Mama akatoka akiamini ni utani, na mwalimu akatoka akiamini mama amelichukulia poa.

Na baba watoto. Mwambie namwelewa, ni uchungu wa mzazi, wala si ukali. Lakini hapa ngumi inageuza faili. Wale wanne hawana hata mstari mmoja kwenye kumbukumbu za shule mpaka sasa, na siku mwanao atakaporusha ngumi, yeye ndiye atakayekuwa na mstari wa kwanza. Ataadhibiwa kwa kupigana, na mara nyingi kisa kizima kitaitwa ugomvi wa pande mbili. Sheria inakataza kulipiza kisasi dhidi ya mtoto aliyeonewa au shahidi aliyetoa taarifa, nayo ni ngao nzuri. Ngumi itawapa wao hoja. Kuna kazi nyingine ambayo baba anaiweza vizuri zaidi: aende naye kwenye kikao, akae upande wake wa kulia, na pale mtoto atakapoulizwa, aone baba yake hatazami sakafu.

Andika usiku huu, hata kama ni kwa Kiswahili. Asubuhi kabla ya kengele itume kwa barua pepe, kisha upite ofisini uombe nakala iliyogongwa muhuri wa kupokelewa, yenye tarehe. Barua ya bodi ikifika, nitumie picha yake, majina ya watoto yakiwa yamefunikwa, tuisome pamoja mstari kwa mstari kabla hujajibu.